Macho ya Nekoye

Apa kwanza. Wewe, usicheke, weka mkono kwa kifua uape vizuri. Hii maneno ikifika kwa Mama Billy pale kwa mfereji, nitajua ni wewe, na mimi nikianza kukusema, plot yote itaskia. Umeapa? Haya, vuta kiti.

Kuna fundi mmoja Gatwekera anaitwa Walubengo. Anapaka rangi masanamu. Si ya kanisa! Ni yale ya plastiki watu wanachezea mezani, majitu yenye pembe, majoka, wanawake wenye mabawa. Watu wazima, na ndevu zao, wanacheza na doli! Nilicheka mpaka leso ikafunguka. Lakini ni kazi. Sanamu inaletwa kwa boksi, vipande vipande, yeye anaviunganisha na gundi, anapaka na kabrashi kembamba kama kope, mwenye sanamu anakuja kuchukua.

Sasa hiyo plastiki mara nyingi inafika imepinda. Walubengo anaitia kwa karai ya maji moto, ikilegea anainyoosha na vidole, halafu anaitumbukiza kwa maji baridi ndio ishike. Kwisha.

Yeye na bibi yake Eddah walikuwa wametoka kuhama Kabiro, kule Kawangware, sababu mtoto wao Nekoye alifia huko. Msichana wa nasari. Homa tu, akaenda. Eddah akasema hawezi kupita tena kwa ule mlango. Wakaja Gatwekera na godoro, karai na kilio.

Kazi ya kwanza kuletwa hapo ilikuwa mwanamke wa mabawa, mkubwa, urefu wa jerikeni. Kiuno kimepinda, kimeegemea kushoto. Walubengo akamtia maji moto, akamnyoosha, sawa kabisa. Wakatoka kuchota maji. Kurudi, ameegemea kushoto tena, na kichwa, chenye hata hakikuwa na shida, kimelala kwa bega kama mtu anaskiza.

"Plastiki inakumbuka," Walubengo akasema. "Ukiipasha moto, inataka kurudi vile ilikuwa."

Eddah akaiangalia mpaka machozi ikamtoka. "Baba Nekoye, si hivyo ndio alikuwa anasimama?"

Na hapo ndio huyo mwanaume alikosea. Macho ya sanamu inapakwa mwisho, na picha ya boksi ilionyesha macho ya buluu. Yeye akachanganya kahawia. Akapaka macho ya mtoto wake, mpaka kale kaalama chini ya jicho, kenye Nekoye alipata akianguka kwa ngazi Kabiro. Alitaka tu amwone kidogo. Wewe ungemkataza?

Kesho yake, mchana peupe, nyumba ikaanza kunuka mafuta ya Arimis, yale Eddah alikuwa anampaka Nekoye akimwogesha, na hakukuwa na mkebe wa Arimis kwa hiyo nyumba. Walubengo alikuwa amegeukia dirisha, akaskia nyuma yake kitu kinakwaruza meza polepole, kama kucha ya mtoto akitafuta mtu amwangalie, na kila akishika pumzi kinanyamaza, akipumua kinaanza, na alipogeuka sanamu ilikuwa palepale, ila kwanza ilikuwa inaangalia mlango na sasa inamwangalia yeye.

Yeye akaogopa. Eddah akafurahi, na hiyo ndio ilikuwa mbaya. Akaanza kuiwekea uji, na kikombe kinapatikana kikavu. Yeye mwenyewe akaacha kula. Na vile sanamu ilizidi kunyooka, bila maji moto, bila mtu kuigusa, ndivyo Eddah alizidi kupinda, kiuno kinaenda kushoto, mpaka akawa anatembea ameshika ukuta.

"Mama Nekoye, twende hospitali."

"Na nani atabaki na mtoto?"

Pasta akaletwa. Akakemea mpaka sauti ikakatika, akaenda nyumbani akiongea na mikono! Sanamu inamwangalia tu. Ndio Walubengo akakimbia Makina kuita shosho mmoja Mnubi, mama mzee wa kujua mambo ya majini. Shosho alifika mlangoni tu, akafunika pua.

"Nani alikipatia macho?"

"Ni mimi, shosho."

"Huyo si mtoto wako. Mtoto wako amelala. Hili ni jini, lilikuwa linazunguka halina sura, wewe ukalipatia. Sasa linamnywa huyu mama. Aliyepaka ndiye anafuta. Nikifuta mimi, litanicheka."

Akamshika Eddah, akaanza kusoma dua zake kwa sauti ya chini. Walubengo akalowesha kitambaa kwa dawa ya kutoa rangi, akagusa jicho la kwanza, na ile kahawia ikaanza kuteremka kwa shavu la plastiki kama chozi, na hapo ndani ya kanyumba, katikati ya dua na mvua kwa mabati, kakatoka kasauti kenye alikuwa anakaskia kila jioni Nekoye akiogeshwa, sabuni ikimwingia macho.

"Baba, inawasha."

Mkono ukasimama. Jicho moja limeisha, lingine linamwangalia.

"Baba, polepole. Inawasha."

Eddah akaanguka magoti. "Wacha, Baba Nekoye. Wacha nipinde. Mimi nimekubali."

"Funga macho yako ufute," shosho akanong'ona.

Akafuta. Akalia akifuta. Harufu ikakatika, na mgongo wa Eddah ukalia kaa! kama kuni, akasimama wima. Akamwangalia bwana yake.

"Umemzika mara mbili," akasema. Akachukua ile karai walihama nayo, akatoka kwa mvua.

Shosho aliibeba sanamu akaichoma. Walubengo bado anapaka majitu yake, lakini macho hapaki. Anawaambia wenyewe wajipakie.

Nani aliniambia? Ni Eddah mwenyewe, juzi, Kabiro. Amerudi kwa ileile nyumba, ule mlango alisema hawezi kupita. Tulikuwa tunakatakata sukuma. Hadithi yake ilipofika kwa pasta nikaangua kicheko, akaniziba mdomo na mkono.

"Auntie, polepole. Ameshikwa na usingizi saa hii tu."

Akageukia ukuta, kichwa kikalala kwa bega la kushoto, akaskiza. Na hiyo nyumba, haki ya Mungu, ilikuwa inanuka Arimis.