Jina la Mama Nyuma ya Kadi

Honorata alifungua studio yake ya picha pale Gungu wakati wenzake wote wanafunga. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake. Alikuja kwa jambo moja tu: kuondoa kadi ya baba yake kwenye kamba, kisha arudi Buzebazeba kumgeuza mzee ubavu na kumnywesha uji. Miaka mitatu sasa tangu Mzee Yohani apigwe na kiharusi. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Anayeupika naye haulizwi, hata awe amesinzia jikoni.

Akapapasa kamba. Kadi nne zilikuwepo.

Ndipo aliposikia harufu ya matope ya ziwani...

"Mwiriwe, mwanangu," sauti ikamsalimu mlangoni. "Kadi zangu zimekauka?"

Alikuwa yule kijana. Miaka yake haikuzidi ishirini na mitano, lakini alimwita mwanangu, yeye mwanamke wa miaka hamsini. Wiki iliyopita alileta picha ya timu ya mwaka 1978, akataka kadi za wachezaji wanne waliobaki hai, zile za mtindo wa kizamani: sura mbele, maelezo nyuma. Honorata alidhani ni mjukuu wa mmoja wao. Alifurahi pia, maana wa nne alikuwa baba yake, golikipa, amesimama wima na mikono yake yote miwili mizima.

Masharti yalikuwa mawili. Nyuma ya kila kadi liandikwe jina la mchezaji na la mama yake. Kisha kadi ichovywe kwenye chai ya rangi na ianikwe juu ya moshi wa vijiti alivyovileta mwenyewe, ili ionekane ya kale. Kila mtoto wa Ujiji anajua ni watu gani wanaotaka jina la mama yako. Mtu aliyelala usiku mzima angeuliza maswali. Honorata alikuwa amechoka. Akachovya, akafukiza.

Jumatatu alifukiza kadi ya Mzee Oswald. Kulipokucha, msiba. Jumanne ya Mzee Feliksi. Msiba. Jumatano ya Mzee Pastory. Wazee hufa, alijiambia, na Alhamisi akafukiza ya baba yake. Jumamosi hiyo, kwenye matanga ya Pastory, ndipo alipomsikia mjane akisimulia. Marehemu alikufa akiomba wafungue madirisha, eti nyumba imejaa moshi. Na mafiga yalikuwa ya baridi.

Kijana akazichukua kadi tatu za kwanza, akazitia mfukoni. Ya nne akaishika kwa muda. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje.

Honorata alikijua kidole kile.

Kwenye picha ya timu, begani kwa baba yake, kulikuwa na mkono wa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Aliufuta kwenye kompyuta mara mbili. Mara zote mbili ulirudi, akailaumu kompyuta.

"Wale watatu niliwaita, wakaja," kijana akanong'ona. "Yohani nimemwita siku mbili. Haitiki." Akageuza kadi. "Yunisi. Huyu ndiye mama yake?"

"Ndiye."

"Aliyemzaa?"

Bibi Yunisi ndiye aliyemlea, na vyeti vyote vya baba vina jina lake. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Aliyemzaa alikufa siku ileile ya kumzaa, ng'ambo ya mpaka, Burundi, na jina lake baba alimwambia Honorata peke yake.

"Unalijua," kijana akasema. "Liandike."

"Siandiki."

Hakukasirika. Aliiweka kadi mezani, polepole.

"Kaa nayo. Mimi nina muda, mwanangu. Wewe ndiye unayechoka."

Benchi la mlangoni lilikuwa limelowa alipotoka. Barabarani hapakuwa na mtu.

Nyumbani kulinuka moshi, na jiko halijawashwa. Honorata akamwinulia baba yake ile picha ya timu usawa wa macho.

"Baba, mkono huu ni wa nani?"

Mzee Yohani akaanza kulia kwa upande mmoja wa uso, ule ulio mzima.

"Nizigama," akasema kwa shida. "Golikipa wa akiba. Mganga alitaka mmoja abaki ziwani kabla ya fainali... Tukamchagua asiye na ndugu hapa. Tulimtoa Kibirizi kwa mtumbwi, sisi wanne."

"Mkamtupa?"

"Aling'ang'ania ukingo. Mimi ndiye niliyembandua vidole. Kimoja kilivunjika."

"Lakini yumo kwenye picha."

"Picha ilipigwa siku tatu baadaye, mwanangu. Baada ya kushinda."

Honorata akamfuta mate mdomoni. Alimpenda, na jioni ile alimchukia pia, na vyote viwili vilimchosha sawasawa.

"Usiku huniita mwana wa Yunisi. Mwandike Vénérande, aliyenizaa," baba akanong'ona. "Wenzangu wamekwenda. Niache na mimi niende."

"Siwezi, baba."

Aliogopa kuichoma ile kadi. Kuchoma nako ni moshi. Akaifukia ndani ya debe la unga. Tangu hapo kila magharibi benchi la studio hulowa. Baba yake hali, hafi. Hukohoa hadi alfajiri, na Honorata humgeuza ubavu, humfulia, humgeuza tena. Kuna siku hulala amesimama, mwiko mkononi. Amewahi kuzinduka akiwa jikoni asijue amefikaje.

Jana alikwenda kuchota unga wa uji. Mfuniko wa debe ulikuwa wazi.

Kadi ilikuwa juu ya unga. Jina la Yunisi limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake zimeandikwa herufi nne.

Véné...

Mwandiko ulikuwa wake. Akatazama mkono wake: kidole cha shahada kilikuwa na wino, na wino ulikuwa haujakauka.

Chumbani, Mzee Yohani akakohoa. Kisha akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumharakisha mwanawe:

"Umefika wapi?"