Kamshafti za Marehemu Lukasi

Kamshafti zilikuwa na joto. Ulikuwa mwezi wa saba, Bulyaga imefunikwa na ukungu tangu alfajiri, na kila chuma katika gereji ya Fundi Anyosisye kilikuwa cha baridi ya kuuma vidole, isipokuwa fito zile mbili zilizolazwa juu ya gunia. Fundi alizigusa, akafuta mkono kwenye ovaroli, akadhani labda zililala karibu na jiko la chai. Jiko halikuwa limewashwa.

Alikuwa akiifunga upya injini ya gari la Mwalimu Hezekia, gari la spoti la viti viwili, la zamani, aliloachiwa na baba yake. Kamshafti zake, yaani fito zenye vinundu vya kufungua na kufunga valvu, zilikuwa zimelika. Mwalimu aliagiza mpya kutoka Dar es Salaam, za mashindano. Fundi alipopima vinundu vyake akacheka.

"Mwalimu, hizi ni za kukimbilia barabara tambarare. Ukianza kupanda Kawetele nazo, gari litakuomba ulibebe."

Zile za zamani zingeweza kuchongwa upya, lakini mchongaji alikuwa Mbeya na foleni yake ilikuwa ya miezi miwili. Zikabaki za tatu. Nyuma ya gereji kulikuwa na gari la aina hiyohiyo, lililovutwa kutoka mtoni baada ya Lukasi wa Kyimo kufia ndani yake. Vinundu vya kamshafti zake vilikuwa kama vipya.

Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Gari lililoua haliguswi mpaka fundi aende kwa wafiwa, akae nao mkekani, aombe, na mama wa marehemu aseme "Ndaga", yaani ahsante, chukua. Anyosisye aliijua desturi hiyo. Alisema ataenda Jumapili, manyunyu yakikatika. Injini akaifunga Ijumaa, fito za Lukasi zikiwa ndani.

Mkewe, Pudensiana, ndiye aliyesikia kwanza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba alipopita na ndoo alisikia kitu kikipumua ndani ya injini, na pale palinuka matope ya mto. Fundi alimjibu kuwa ni oili tu inashuka.

Jumamosi saa nne asubuhi wakaiwasha. Anyosisye alikuwa na mazoea ya kumkalisha binti yake kwenye usukani kila injini iliyofungwa upya ilipowashwa mara ya kwanza, kwa kuwa aliamini mkono wa mtoto una baraka. Tulia, mwenye miaka saba, akazungusha ufunguo, na injini ikaitika mara moja, taratibu, kama mtu anayeamka usingizini. Mwalimu alipiga makofi. Tulia hakugeuka. Macho yake yalikuwa wazi, kifua kikipanda na kushuka pamoja na mngurumo, na baba yake alipovuta waya wa mafuta kuiongezea kasi, pumzi ya mtoto ikaenda mbio, na alipouachia ikapungua, na alipoinama kuushika ufunguo ili azime, midomo ya Tulia ikageuka rangi ya majivu kabla hajauzungusha hata nusu, baba akauachia, akabaki ameinua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

Walijaribu kumnyanyua kutoka kitini, akawa mzito kama injini yenyewe. Mchungaji aliitwa, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu aliondoka na dumu kutafuta petroli, maana wote waliogopa jambo moja: injini ikizimika, na mtoto atazimika.

Mchana Pudensiana akarudi kutoka Kyimo na mama yake Lukasi, Bibi Ikupa. Bibi aliweka kiganja juu ya boneti, kama anayepapasa mgongo wa mtoto mwenye kikohozi.

"Ni yeye," alisema. "Alipumua hivi tangu mdogo."

"Mwenye kosa ni mimi, mama," Anyosisye alinong'ona. "Mwombe amwachie mwanangu."

Bibi akasema ndaga. Akairudia mara nyingi, akiinamia chuma. Mngurumo haukubadilika.

"Basi zitoe hizo fito, baba. Nitampeleka nyumbani."

Anyosisye akachukua spana, akasimama nayo. Kamshafti hazitoki injini ikiwa inazunguka. Bibi alisubiri, akamtazama, kisha naye akaelewa, akakaa kwenye tope na kujifunika kanga usoni.

Saa tisa Mwalimu akarudi na petroli. Alipomimina, ikafurika na kumwagika miguuni mwake. Tangi lilikuwa limejaa vilevile kama asubuhi. Injini haikuwa imekunywa hata tone.

Pudensiana, aliyekuwa ameushika mkono wa mtoto tangu aliporudi, akasema polepole kwamba bangili ya Tulia imedondoka yenyewe. Asubuhi ilikuwa inambana.