Mayai Tisini na Paneli ya Baba Pacha

Sebuleni kwa Mama Pacha, kochi lilisogezwa ukutani ili kupisha mashine ya kuangulia vifaranga. Safari hii ndani yake mlikuwa na mayai tisini yenye siku tatu. Mayai hutaka joto siku ishirini na moja, mchana na usiku.

Shida ilikuwa umeme. Mwezi uliopita ulikatika kutwa nzima, na mayai yote yakaharibika. Mama Pacha alilia.

"Haya nayo yakiharibika, naacha biashara," alisema.

Mume wake, Baba Pacha, ni fundi viatu na mtu wa papara. Jioni alirudi na picha kwenye simu.

"Mke wangu, shida zimekwisha! Paneli ya sola, kubwa kama mlango, kwa bei ya kutupa. Tutaifunga upande wa barabarani, majirani waione."

"Na betri?"

"Betri ya nini? Jua ni la bure!"

Jirani yao, fundi wa umeme, alikuwa amefuata buti zake. Alicheka mpaka akakaa.

"Shemeji, jua likizama, hayo mayai utayapasha kwa mdomo?"

Mama Pacha naye akacheka. Baba Pacha akanuna kidogo.

Fundi aliinama nyuma ya mashine, akasoma kibandiko.

"Wati themanini. Anzeni hapa: jueni kwanza mnatumia kiasi gani. Sola ibebe mashine na taa mbili. Pasi inakula umeme mwingi, iacheni. Mtahitaji paneli ya kiasi, betri, kidhibiti chaji cha kulinda betri, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uendeshe mashine. Umeme ukikatika, betri inashika."

"Bei yake itatuvua nguo," alisema Baba Pacha.

"Si lazima. Hapa kwetu, vifaa vyenye nembo ya ubora vimeondolewa kodi. Nenda duka lenye leseni, uliza kama bei bado haina kodi, maana sheria hubadilika. Ukilipa kidogo kidogo, uliza jumla yote, si ya mwezi tu. Dai risiti na dhamana. Huyo wa kwenye simu, paneli ikifa kesho, utamdai nani?"

Baba Pacha alikuna kichwa.

"Na betri huchakaa," fundi aliendelea. "Kila mwezi wekeni akiba ya kununua nyingine."

"Sawa. Lakini tufunge upande wa barabarani?"

"Kule kuna kivuli cha tangi la maji. Paneli inatakiwa kuona jua, shemeji, si majirani!"

Kesho yake walikwenda dukani pamoja. Kodi ilipotolewa, bei ilipungua. Walilipa nusu, na nusu kwa miezi sita. Fundi alifunga paneli nyuma ya nyumba, juu ya paa lisilo na kivuli.

Siku ya ishirini ya mayai, umeme ulikatika alasiri. Mtaa mzima ulilalamika. Mama Pacha alikimbilia sebuleni, roho juu. Mashine ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Umeme ulirudi kesho yake mchana, lakini kufikia saa hiyo hakuna aliyekuwa akiungoja. Maganda yalikuwa yanapasuka huku na huku, na vifaranga wanapiga kelele. Watoto wao pacha walihesabu themanini na wanne.

Mama Pacha alimchukua mmoja, bado ana unyevu, akamweka kwenye kiganja cha mume wake. Baba Pacha akamfunika kwa kiganja cha pili, apate joto.