Sauti Inayoitika Dukani kwa Floribert

Kilichoanza kumtia Emérence wasiwasi ni pumzi. Muziki wa mchezo wa video, uliokuwa ukichezwa kwenye televisheni ya dukani pale kijijini Kalembe, ulikatika ghafla kama kawaida yake, na katika ule ukimya mtu akavuta pumzi, kama mwimbaji anayejiandaa.

"Papa Floribert, kuko muntu mule ndani," alinong'ona.

"Hakuna muntu, Mama. Iko jeu tu, muchezo wa televisheni."

Floribert, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliuza chumvi na sabuni. Mchezo aliuweka kuvutia wateja. Emérence, kiongozi wa kwaya ya parokia, hakujali kucheza. Alikuja kusikiliza. Aliyeutunga muziki ule alichukua vipande vya nyimbo za kale za Wazungu, vinanda, fidla na kwaya za kanisani, akavikatakata na kuvishona upya, fidla ikiachwa hewani kabla haijatua, sauti za wanawake zikirudi kinyumenyume zilikoanzia. Ulikuwa mtamu, usipime. Emérence alinogewa mpaka akajisahau, akaingiza humo mstari wa wimbo wake mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Mstari ule haukuwa wa kuchezea. Vita vilipowatawanya msituni mwaka uliopita, ndio aliouimba kumtafuta bintiye Consolée, wa miaka tisa, naye akauitika mpaka wakapatana. Tangu hapo alimfundisha: ukiusikia, popote ulipo, itika.

Siku ya tatu baada ya mama kuuimba pale dukani, Consolée alitumwa sabuni. Fidla zikakatika, pumzi ikavutwa, kisha mstari wa mama yake ukaimbwa kutoka kwenye televisheni. Mtoto akaitika, kama alivyofundishwa. Alirudi nyumbani na sabuni mkononi, akafungua kinywa asalimie, na hakikutoka kitu.

Emérence alikimbilia dukani mchana ule ule. Harufu ya mshumaa uliozimwa ilimpokea mlangoni, na ndani, Floribert akiwa amejibanza ukutani na waya alizozing'oa mkononi, kioo cha televisheni kikiwa cheusi, muziki ulikuwa bado unapigwa, fidla na vinanda vikikimbizana, na katikati yao sauti ya Consolée ikiitika, ikikatwa, ikirudishwa, ikiitika tena, na kila ilipofika kwenye noti ya juu iliteleza kwa kosa lile lile ambalo Emérence alizoea kumkemea mtoto kila Jumamosi kwenye mazoezi.

"Iko jini," Floribert alinong'ona. "Tutoke, Mama."

Emérence aliogopa, lakini hakutoka. Kwenye kwaya yake, mwimbaji akishindwa, kiongozi hushika nafasi yake na mwimbaji hunyamaza. Akagonga meza mara mbili.

"Consolée, nyamaza. Mama anashika nafasi yako."

Akavuta pumzi, akaitika yeye. Muziki ukazimika.

Nyumbani Consolée alimwita mama yake kwa sauti kamili. Emérence akafungua kinywa amjibu, na hakikutoka kitu, siku ile wala zilizofuata. Floribert aliichoma televisheni nyuma ya duka, na watu wakaona yamekwisha.

Wiki ya pili bunduki zikalia upande wa Mpofi, kijiji cha jirani. Kalembe nzima ikakimbilia msituni, na katika kukanyagana mkono wa Consolée ukamponyoka mama yake. Emérence alilala chini ya migomba, akimtafuta kwa macho tu, maana hakuwa na kingine, mpaka akamwona, hatua kumi hivi mbele, ng'ambo ya njia ambayo risasi zilikuwa zikiipita, amejikunyata nyuma ya mti. Ndipo huko kwenye giza la miti, upande wa pili, mtu akavuta pumzi.

Mstari ukaimbwa, kwa sauti ya Emérence yenyewe, tamu, ikimtafuta mtoto.

Consolée akainuka. Uso ulimjaa furaha: mama amepona. Akafungua kinywa aitike, na mama yake, aliyekuwa akimtazama, hakuwa na sauti ya kumkataza.