Mawaridi Yenye Unga

Kaliza alipita katikati ya soko la Kimironko ameshika tawi la waridi kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili, kama aliyebeba nepi ya mtoto wa jirani. Majani yalikuwa na unga mweupe, yamejikunja. Gauni lake la kitenge cha manjano alilipandisha kidogo lisiguse kitu. Kinyaa chake kilijulikana mtaa mzima; kijiko cha mtu hakitii mdomoni hata kioshwe mara tatu.

Kwenye meza ya miche alimkuta Vitalis, Mhaya wa Bukoba aliyeacha chuo cha kilimo mwaka wa tatu, kofia imekaa upande. Akafuta jani kwa kidole, unga ukatoka wote. Akalamba kidole.

Kaliza akarudi nyuma hatua mbili.

"Wangekuwa wadudu wangenata, ingekuwa chokaa ya maji isingefutika," Vitalis akasema, uso mkavu. "Huu ni ukungu, dada. Umekosa ndimu tu."

"Wewe ni mchafu, sha."

Lakini namba akampa. Jioni Vitalis akampigia kukiri kwamba kidole alichofutia sicho alicholamba, mchezo wa chuoni huo. Kaliza akamwita mwongo. Wiki ya pili akawa anamwita mpenzi, na Jumapili akamwalika aje kutibu mawaridi ya mama yake. Mama huyo, Mukunde, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, alikuwa ameshawakataa vijana wawili kwa kuwatazama tu.

Vitalis alifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Mukunde akampa kikombe kikubwa cha ikivuguto, maziwa yake ya mgando aliyoyagandisha mwenyewe, akarudi ndani. Masikini Vitalis. Harufu ile ilimtia kichefuchefu tangu utotoni, na mabonge yalikuwa yanamtazama. Akakumbuka darasani walisema maziwa yanaua ukungu. Akayamimina yote kwenye bomba la kupulizia alilokuja nalo.

Mabonge yakaliziba. Akakandamiza. Bomba likapasuka wakati Mukunde anatoka mlangoni na kitenge cha kanisani.

Mgando ukaning'inia kwenye maua kama matapishi. Nzi wakaja kabla ya salamu.

"Maziwa yangu," Mukunde akasema polepole. Nyumba ile maziwa hayamwagwi. Hupewa mtu unayetaka arudi.

"Ni dawa, mama. Nilikunywa nusu, nusu nikaacha kwa ajili ya dawa."

Kaliza, aliyemwona akimimina yote, alivumilia harufu, lakini uongo ule, mbele ya mama yake, ulimchefua zaidi. Akafungua geti. "Nenda, Vitalis."

Siku kumi na moja Kaliza hakupokea simu zake. Vitalis akatuma ujumbe mmoja tu, hauna hata neno la mapenzi: kata majani yenye unga uyachome, mwagilia chini asubuhi, kijiko kidogo cha magadi soda na tone la sabuni kwa lita ya maji, pulizia kila wiki. Mwishoni akaandika: maziwa sinywi, nilimdanganya mama, niliona aibu.

Kaliza akavaa glavu, akakunja pua, akafanya yote. Majani mapya yakatoka kijani, safi. Mukunde akayageuzageuza siku tatu.

"Mwite," akasema siku ya nne. "Aje na tumbo."

Akaja. Akamwomba Mukunde msamaha amesimama, kofia mkononi. Kikombe kilekile kikaletwa, kimejaa mpaka juu. Vitalis akafumba macho, akanywa yote, machozi yanamtoka, bonge moja akalitafuna kabisa. Aliposhusha kikombe, mdomo wa juu ulikuwa na mstari mweupe.

Kaliza akamsogelea. Akaufuta kwa kidole. Akakilamba kidole kilekile, si cha pembeni yake.

Mukunde akaguna. "Akitaka kuoa hapa, ni kikombe kila asubuhi."

Vitalis akamtazama Kaliza, kisha akanyoosha kikombe.

"Niongezee, mama."