Waya kwenye Boya

Jini lilianza kwa adabu. Mchana kweupe, vali zote za tangi kubwa la maji safi zikiwa zimefungwa, sindano ya geji ilipanda shubiri moja kisha ikatulia, kama maji ya beseni mtu anapoketi ndani. Chumba cha mitambo kikanuka sabuni ya kipande na nguo mbichi.

Dada Mitambo, mwendeshaji wa zamu, hakupiga kelele. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya Bata, msafisha matangi, waliyemzika juzijuzi.

Bata aliitwa Bata kwa kuogelea, na bado maji yalimla. Meneja, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Kimya, hakupenda king'ora cha tangi kujaa, kilimharibia vikao. Akaamuru boya, lile tufe linaloelea na kuipa geji habari za kina, lifungwe kwa waya chini kabisa. King'ora kikanyamaza, geji ikasema tangi ni tupu, pampu zikaendelea kujaza. Bata akaiamini geji, akashuka gizani, ngazi iliyoliwa na kutu ikakatika. Ofisi ikasema ni uzembe wa marehemu. Walipotoka makaburini, Dada Mitambo aliukata waya ule kwa koleo lake mwenyewe.

Sasa ngazi ilitaka kuchomelewa, na mchomeleaji alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

"Dada, humo siingii," alinong'ona. "Mke wangu ni mjamzito. Mtoto aje aambiwe baba yake alizama kwa uzembe?"

Bwana Kimya, msomi wa shahada mbili asiyeamini ushirikina, akamwingiza mganga kwa mlango wa nyuma.

Alikuwa bibi mwenye miwani minene. Aliinama kwenye mdomo wa tangi, akafukiza, akaita. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilibubujika kama sinki linalonyonya maji.

"Nilikuwa nimelala. Mkafunga boya, mkanishushia mtu. Nikajua ndiyo desturi ya hapa. Mbona wa pili mnamchelewesha?"

Bibi akajifuta mdomo. "Huyu hakuvamia, wanangu. Amekaribishwa. Aliyeamuru waya asimame mbele ya mjane wa Bata aseme, 'Nilikosa, haikuwa kafara.' Ataondoka."

Watu wote wakaviangalia viatu vya Bwana Kimya.

"Bibi, tunashukuru sana," alisema. "Usafiri wako uko tayari."

Pikipiki haijafika getini, akatangaza kwenye redio, "Jini limefukuzwa. Tangi limekaushwa tangu jana, geji inasoma sifuri. Fundi, uko juu ya tangi? Ingia, la sivyo kazi huna."

"Bosi, ngoja kwanza nikatazame kwa macho," alijibu Dada Mitambo kutoka chumba cha mitambo.

"Macho yako yana cheti?"

Hayakuwa nacho. Lakini miguu haikuomba ruhusa: Dada Mitambo alikimbia nje, akapanda ngazi za pembeni akishika vyuma vilivyokuwa na unyevu ingawa jua lilikuwa la utosi, na kadiri alivyopanda ndivyo ile harufu ya sabuni ilivyomjaa puani na kooni, hata alipofika juu na kumkuta mdogo wake ameshatanguliza mguu mmoja tangini, hakuweza kumwita, akamkamata ukosi tu akamvuta.

Akadondosha tangini nati ya mfukoni. Haikugonga chuma. Ililia chubwi, pale pale, karibu na kidole cha mguu wa kijana.

Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Chini ya maji meusi boya lilikuwa limefungwa tena, na ncha ya waya mpya ilifika karibu na mdomo wa tangi, imesokotwa vizuri, kwa mtindo ule ule waliofundishwa hapa.

Akazamisha koleo, akakata. Boya likachomoka, king'ora kikalia kituo kizima.

"Nani huyo?" Bwana Kimya alifoka kwenye redio ya kiunoni mwa Dada Mitambo. "Zimeni hiyo kitu!"

King'ora kikakatika ghafla.

"Ahsante, Dada Mitambo," ilisema redio, sasa kwa upole. "Kumbe ukielekezwa unaelewa."

Mdogo wake aliitazama mikono ya dada yake. Mmoja ulikuwa bado ukosini mwake. Wa pili ulishika koleo, hewani.

"Dada," alinong'ona, "nani kalifunga tena?"

Chini ya maji boya lilikuwa limevutwa tena, na waya ulikuwa ukijisokota, duara juu ya duara, bila haraka, kama kazi ya mtu aliyeagizwa na mkubwa wake.