Mgongo Ukutani

Doa lilirudi siku ya nne. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, upana wake kama mgongo wa mtu mzima, usawa wa mtu aliyeketi kitandani akaegemea ukuta. Mzee Chokaa alilitazama, akasonya, akaenda kuchukua brashi.

Jina hilo alipewa na wapangaji wake, na lilimkaa. Ukimwambia bati linavuja, anapaka chokaa dari. Ukuta ukipasuka, anapaka. Mpangaji wa chumba namba mbili alipolalamikia kunguni, mzee alipaka rangi juu ya kunguni wenyewe, na mpaka leo ukipitisha kidole pale ukutani unawagusa, vinundu vinundu, wamekaukia ndani kama mbegu za nyanya.

Alikuwa mtunza stoo aliyestaafu. Mafao yake yote aliyatia kwenye nyumba ile ya vyumba kumi, katika mji wa wastani wenye chuo na hospitali ya rufaa, kwa sababu alishauriwa kwamba jiji kubwa viwanja havishikiki na mji mdogo hauna wapangaji. Ushauri ulikuwa mzuri. Ila yeye na mkewe waliishi mbali, mwendo wa saa tano kwa basi, na nyumba aliikagua mara moja kwa mwezi.

Ndiyo maana fundi cherehani wa chumba namba sita alikufa akakaa siku tano bila mtu kujua. Majirani waliisikia harufu, wakadhani ni panya amepakwa chokaa. Mzee alipofungua mlango alimkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta, macho hayatazamiki. Walipomwinua, ngozi ya mgongo ilibaki ukutani. Mniwie radhi, lakini hadithi hii haisimuliki na mtu aliyeziba pua.

Ukuta ule ulitakiwa kukwanguliwa mpaka kwenye tofali. Mzee hakukwangua. Alinunua ndoo ya rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, akajifungia, akapaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, juu ya kila kilichokuwa pale, brashi ikivuta vinyweleo. Nusu ndoo iliyobaki akarudi nayo kwake, pamoja na brashi, akamalizia kuta za chumba anacholala na mkewe. Hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Baada ya wiki mbili chumba kilikuwa na mpangaji. Mwezi haukuisha, akahama. Wa pili akahama bila kuaga, akaacha godoro. Mwaka mzima ikawa hivyo, na kila aliyehama, mzee aliongeza mkono mmoja wa rangi.

Safari hii hakuwa akimpakia mpangaji. Binti yake, muuguzi, mwenye mimba ya miezi saba na mume aliye kazini mbali, alikuwa amehamishiwa kwenye hospitali ile ya rufaa. Kwa nini akapange kwa watu na baba yake ana nyumba? Na chumba kilichokuwa wazi ni kimoja tu. Alijua, na akamkaribisha. Hapo ndipo mimi ninapomchukia.

Binti alipofika alisimama mlangoni, begi mkononi.

"Baba, hiki chumba kinanuka."

"Rangi mbichi hiyo, mwanangu. Fungua dirisha."

"Rangi naijua. Kuna nyingine chini yake." Alishusha sauti. "Mimi nashinda wodini, baba. Hii harufu naijua."

"Panya," alisema baba yake. "Kulikuwa na panya." Akatundika kalenda juu ya doa, akasukuma kitanda ukutani, akawahi basi.

Binti alipangiwa zamu za usiku, kwa hiyo alilala mchana, wakati wapangaji wote wako makazini na bati linapiga kelele kwa jua. Siku ya tatu, kama saa saba, aliamshwa na sauti ya kulamba. Ilikuwa taratibu, ya ulimi mpana, kama mbwa anayemaliza sahani, na ilitoka nyuma ya kichwa chake. Alidhani ni ndoto. Aligusa shingo, akakuta nywele zimelowa, zimegandamana kwa ute unaovutika.

Aliogea sabuni ya hospitali mara mbili. Harufu haikutoka.

Kesho yake alihamisha kitanda hadi katikati ya chumba, akalala akiutazama ukuta, na kabla usingizi haujamchukua vizuri akaiona kalenda ikiinuka yenyewe polepole, na nyuma yake rangi imetuna, laini, kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na kitu kilicho ndani yake kikisukuma kutafuta penye wembamba, na ile harufu tamu ya kuoza ikimjaa mdomoni mpaka akawa kama anaitafuna, na alipotaka kupiga kelele sauti haikutoka, akabaki anausikia ulimi usioonekana ukipanda gotini, ukipita pajani, ukifika tumboni na kutulia pale, ukizunguka kitovu kwa subira, na mtoto ndani akijikunyata upande mmoja kama anayekwepa.

Alipoweza kuinuka alitapika mpaka nyongo. Gauni lilikuwa limeshikana na tumbo. Hakubadilisha nguo, alikwenda hivyo hivyo mpaka chumba cha maiti cha hospitali, kwa mzee anayeosha maiti, mtu pekee ambaye aliamini hatamcheka.

Mwosha alimnusa akiwa bado mlangoni, akaweka chini kikombe.

"Unaishi chumba namba sita," alisema. "Kwa Mzee Chokaa."

"Ni baba yangu."

Mwosha alimsogezea kigoda. "Fundi cherehani aliyefia humo nilimwosha mimi mwenyewe. Hakuwa na ngozi mgongoni. Nikamuuliza baba yako, ndugu yangu, ngozi iko wapi tuizike? Akasema hajui."

"Kwa hiyo ni marehemu anayenisumbua?"

"Marehemu hana neno na wewe, amekwenda zake. Lakini kuna jini chakula chake ni kile tunachopaswa kukizika. Likinusa, linakuja, linakula, linaondoka. Baba yako amelifunikia sahani. Mwaka wa pili huu linalamba kifuniko, na wewe umelipelekea kitu kibichi tumboni."

Mzee Chokaa aliitwa, akaja siku ya pili, amevaa shati la safari. Alipomwona binti yake amekaa nje kwenye ndoo, macho yameingia ndani, hakubisha. Mwosha alimpa kisu cha kukwangulia. "Aliyefunika ndiye afunue."

Rangi ilitoka kama ganda la ndizi iliyooza, vuguvugu, na chini yake palikuwa na vinyweleo, nyuzi za fulana, na kitu cha njano chenye kuteleza. Kulamba kukaanza, sikioni kwake hasa, kwa haraka, kwa uchu. Alikwangua huku analia, huku anatapika, mpaka tofali likaonekana. Mwosha alifungasha yote kwenye kitambaa, wakaenda kuyafukia kaburini kwa fundi. Waliporudi chumba kilinuka vumbi tu. Binti alivuta pumzi, akalia kwa mara ya kwanza.

"Bado moja," alisema mwosha. "Likikosa hapa, litafuata mabaki yalipo. Brashi iko wapi? Na rangi iliyobaki? Umepaka wapi kwingine?"

Mzee alimtazama binti yake, aliyekuwa ameanza kumwita baba tena. Akaona haya. Akafikiri, nikifika nyumbani nitapitisha mkono mmoja wa rangi juu yake, yataisha.

"Hapa tu," alisema. "Brashi nilitupa."

Binti aliomba likizo, akaenda kujifungulia kwa mama yake. Mama alimpisha chumbani, akampa kitanda kikubwa, upande wa baba, ule wa ukutani. Mzee yeye alibaki wiki moja kwenye nyumba ya kupangisha, asimamie plasta mpya ya namba sita, maana mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa amekwisha kuulizia chumba.

Simu ililia saa saba mchana, mzee akiwa juu ya ngazi.

"Baba," binti alinong'ona, "hiki chumba chenu mlikipaka rangi gani?"

"Nyeupe tu, mwanangu. Kwa nini?"

"Nilimuuliza mama kabla hajaenda sokoni, akaniambia brashi yako iko chini ya kitanda. Nimeiangalia. Ina nywele, baba."

Mzee alishuka ngazi bila kuziona. Kwenye simu, karibu kuliko sauti ya mwanawe, alisikia ulimi mpana ukifanya kazi yake taratibu.

"Toka humo. Toka sasa hivi."

"Nilikuwa nimeegemea ukuta nikikusubiri upokee." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Siwezi kuinuka. Nikijivuta, ngozi ya mgongo inabaki."

"Nakuja, mwanangu. Nakuja," alisema mzee, na basi la siku hiyo lilikuwa limeondoka asubuhi.